Kufundisha na Kutetea: Mwongozo Kamili wa Kazi ya Elimu kwa Anayesimama na Jamii Zilizosahaulika

Darasani kwangu kulikuwa na mvulana wa miaka tisa ambaye hakuwa akikosa shule ila Jumanne. Daftari la mahudhurio lilikuwa na mstari mzima wa misalaba siku hiyo, wiki baada ya wiki, na pembeni mwalimu aliyenitangulia alikuwa ameandika neno moja kwa kalamu nyekundu: mtoro. Muhula mzima niliamini neno hilo. Siku nilipomfuata mama yake ndipo nikaelewa. Jumanne asubuhi ilikuwa siku ya mama huyo ya matibabu hospitalini, na nyumbani alibaki mtoto mchanga asiye na mtu wa kumshika. Tukaandika barua, yeye akisema na mimi nikiandika, tukiomba ahamishiwe zamu ya mchana, kijana akiwa ametoka shule. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Misalaba ikakoma.

Naanza na kisa hiki kwa sababu wanaotaka kuingia kwenye elimu huniuliza swali lile lile: nijenge kazi yangu kwanza au niwatetee watu wangu kwanza? Kwa nilivyoona, hakuna haja ya kusubiri. Utetezi wa mwalimu umo ndani ya kazi yenyewe, ndani ya daftari analolifungua kila asubuhi. Kinachotakiwa ni kuupangia hatua, kwa sababu moyo peke yake humchosha mtu mapema.

Hatua ya kwanza: taja unaosimama nao

"Jamii zilizosahaulika" ni maneno mapana mno kufanyia kazi. Mwaka 2023 UNESCO ilitangaza kuwa watoto na vijana milioni 250 duniani walikuwa nje ya shule. Ndani ya idadi hiyo wamo watu wasiofanana kabisa: mtoto kiziwi ambaye shule iliyo karibu haina mwalimu hata mmoja anayejua lugha ya alama, msichana aliyejifungua akaambiwa asirudi, mkimbizi aliyefika bila cheti, mtoto anayefundishwa kwa lugha asiyoisikia nyumbani. Dawa ya mmoja haimponyi mwingine. Chagua kundi moja, au kizuizi kimoja, ukijue kwa undani.

Kuna chombo kinachonisaidia sana hapa. Katarina Tomaševski, aliyekuwa mtaalamu maalumu wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya elimu, kuanzia 1998 hadi 2004, aliigawa haki hiyo katika sifa nne. Mimi nimezigeuza kuwa maswali. Shule ipo, ina walimu na madarasa? Ikiwepo, mtoto anaifikia, au umbali, ada, ngazi za jengo na ubaguzi vinamzuia? Akiifikia, anachokuta ndani kinakubalika, au anapigwa, anadhalilishwa na hafundishwi kitu? Na la mwisho: shule inajirekebisha kumfuata mtoto, au mtoto ndiye anayetakiwa ajikunje ili aenee?

Yule mvulana wa Jumanne shule yake ilikuwepo, alikuwa akiifikia kwa miguu, na akifundishwa vizuri tu. Ilianguka kwenye swali la nne. Ukijua ni swali gani limeanguka, unajua pia ubishe hodi mlango wa nani.

Hatua ya pili: shika ujuzi mmoja hadi wenzako wakufuate

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wenye nia njema wanapopungukiwa. Mwalimu mkuu hana sababu ya kusikiliza hoja za mtu ambaye wanafunzi wake wenyewe hawasomi. Wazazi nao hivyo hivyo. Pata kwanza sifa rasmi za kazi unayoitaka, yaani cheti, shahada na usajili vinavyotakiwa pale ulipo. Usikubali mtu akudanganye kuwa moyo wa kujitolea unatosha badala yake. Watoto waliosahaulika wamepewa walimu wasiofuzu miaka na miaka, na hiyo ni sehemu ya dhuluma yenyewe.

Juu ya sifa hizo, chagua ujuzi mmoja uushike barabara. Kama huna tayari unaoupenda, ningekushauri kufundisha kusoma, kwa maana mtoto asiyesoma hukosa masomo mengine yote. Nchini India, shirika la Pratham lilieneza kuanzia 2005 kipimo chepesi ambacho mwalimu yeyote anaweza kukiiga kwa lugha yake. Unaandaa karatasi yenye herufi, maneno mafupi, aya ya sentensi chache na hadithi fupi. Unakaa na mtoto mmoja mmoja, mahali tulivu, bila kalamu ya kusahihisha mkononi. Anakusomea. Unaandika ngazi ya juu kabisa aliyoimudu, basi.

Mtazame anavyosoma. Nimeona watoto waliosoma ukurasa mzima bila kukwama huku kidole kikiwa mstari wa tatu na mdomo ukiwa wa tano. Walikuwa wameusikia mara nyingi wakaukariri. Ndiyo maana karatasi ya kupimia iwe na maneno ambayo hajawahi kuyaona. Muonyeshe neno moja katikati ya aya, umuulize hili ni lipi. Hapo ukweli hutoka.

Ukishajua ngazi zao, tenga muda fulani kila siku uwapange kwa ngazi badala ya darasa au umri, uwafundishe kuanzia pale walipo. Wapime tena baada ya majuma kadhaa. Hifadhi karatasi zote mbili, ya mwanzo na ya mwisho, zikiwa na tarehe. Karatasi hizo zitakusemea katika usaili wa kazi na mbele ya wakubwa kuliko barua yoyote ya mapendekezo.

Kama uliowachagua ni viziwi, jifunze lugha ya alama kwa viziwi wenyewe, kwa sababu ni lugha kamili yenye sarufi yake na huwezi kuipata kwa kutazama picha za mikono. Kama ni wasioona, jifunze nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole. Seli moja, yaani nafasi ya herufi moja, ina nukta sita tu, na Louis Braille aliyabuni maandishi hayo akiwa kijana wa miaka kumi na mitano, kwa hiyo mtu mzima hana kisingizio. Kama ni watoto wa lugha nyingine, jifunze walau kuwasalimu, kuhesabu na kuuliza "umeelewa?" kwa lugha yao. Mtoto akisikia lugha ya mama yake mdomoni mwa mwalimu, unamwona anavyonyooka pale kitini.

Hatua ya tatu: ijue sheria unayosimamia

Hii ni fupi, maana huhitaji kuwa mwanasheria. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 26, linasema kila mtu ana haki ya elimu na kwamba elimu ya msingi iwe ya lazima na bila malipo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unarudia hilo katika ibara ya 28 na kuzitaka nchi zichukue hatua kuboresha mahudhurio na kupunguza wanaoacha shule. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 24, unadai elimu jumuishi, inayowapokea wote pamoja, katika ngazi zote. Soma ibara hizo zenyewe, ni fupi. Kisha tafuta sheria ya elimu ya nchi yako na kanuni za shule, kwa sababu ndizo zinazomfunga ofisa aliye mbele yako. Nakili namba ya kifungu. Ofisa akiambiwa "ni haki yake" hutikisa kichwa akaendelea na kazi zake, ila akionyeshwa kifungu hutafuta miwani.

Hatua ya nne: uliza kabla ya kupanga

Mwaka 1957, katika kisiwa cha Johns Island, South Carolina nchini Marekani, darasa la watu wazima weusi lilifunguliwa ili wajifunze kusoma na waweze kujiandikisha kupiga kura, kwani sheria iliwataka wathibitishe kuwa wanasoma. Mwalimu wa kwanza alikuwa Bernice Robinson, msusi. Hakuwahi kuwa mwalimu. Aliyemchagua, Septima Clark, alikuwa amefundisha kwa miongo kadhaa na alijua alichokuwa akikitafuta: mtu ambaye watu wangemwamini. Robinson aliwauliza wanafunzi wake wanataka kujifunza nini. Wakasema wanataka kuandika majina yao, kusoma Biblia, kujaza fomu za kuagiza bidhaa na kutuma pesa. Akaanzia hapo. Madarasa ya aina hiyo yalienea majimbo mengi ya kusini.

Nimeulizwa mara nyingi mpango wa kuuliza ni upi. Ni huu: nenda nyumbani kwao, usiwaite ofisini. Kaa wanapokaa wao. Uliza swali moja pana, kwa mfano "shule inawapa shida gani?", halafu nyamaza. Ukimya ule unauma, lakini uache. Mzazi aliyezoea kuitwa shuleni kukemewa atakupa kwanza jibu la adabu. La kweli huja la pili au la tatu. Usimkatize ili umweleze shule inavyofanya kazi. Ukitoka, andika maneno yake kama alivyoyasema, si kama ambavyo ungeyasema wewe. Na usiahidi kitu. Sema utafanya nini na lini utarudi, kisha urudi siku hiyo hata kama huna jipya, kwa sababu jamii hizi zimeona wageni wengi wenye madaftari wasiorudi.

Hatua ya tano: kusanya ushahidi bila kumuumiza mtu

Kisa kimoja hugusa moyo. Visa kumi na viwili vilivyopangwa vizuri hubadilisha ratiba. Anza na daftari la mahudhurio. Tafuta mpangilio: siku moja ya juma inayojirudia, mwezi ambao wasichana hupungua, darasa ambalo baada yake majina hutoweka. Weka jedwali dogo lenye safu nne tu: nani, lini, kwa nini kwa maneno ya mzazi, na nini kimejaribiwa. Jedwali likiwa kubwa utaliacha.

Kuhusu ulemavu, usiulize "kuna mtoto mlemavu hapa?" Wengi watasema hapana, kwa aibu au kwa kuwa neno hilo wanalielewa kuwa ni mtu asiyetembea. Kundi la Washington, linaloshughulika na takwimu za ulemavu chini ya Umoja wa Mataifa, lina maswali sita ya msingi yanayouliza ugumu anaoupata mtu: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuzingatia, kujihudumia, na kuwasiliana. Majibu ni manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, hawezi kabisa. Kwa watoto yapo maswali mahususi yaliyoandaliwa pamoja na UNICEF, seti moja ya miaka 2 hadi 4 na nyingine ya miaka 5 hadi 17. Ukiuliza hivyo utagundua watoto ambao miaka yote walikuwa wakiitwa wavivu kumbe hawaoni ubao.

Jambo moja silivumilii: picha za watoto wanaolia zikisambazwa ili kuchangisha fedha. Mtoto huyo atakua, na picha itakuwepo bado. Ondoa jina, ondoa sura, ondoa chochote kinachoweza kumtambulisha, na hata hivyo omba ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, ukieleza itatumika wapi. Ikiwa umeambiwa jambo la ukatili, lipeleke haraka kwa wanaohusika na ulinzi wa mtoto kwa utaratibu uliopo. Hilo si la kuandikwa kwenye jedwali lako.

Hatua ya sita: peleka ombi kwa mwenye kalamu

Kila uamuzi una mtu anayeutia saini. Ratiba ni ya mwalimu mkuu. Vifaa vidogo mara nyingi ni vya kamati ya shule. Uhamisho wa walimu na ujenzi ni vya ngazi za juu zaidi. Kupeleka ombi la choo kwa waziri, au la mtaala kwa mwalimu mkuu, ni kupoteza mwaka. Anza na ngazi ya chini kabisa yenye uwezo wa kukubali, na uweke nakala ya kila barua ikiwa na tarehe iliyopokelewa.

Sasa tazama tofauti ya maombi haya mawili. La kwanza: "Tunaomba shule iwajali zaidi wanafunzi wenye ulemavu." Atakayeisoma atakubaliana nayo na hatafanya chochote, maana hajaombwa kitu. La pili: "Tunaomba darasa la tano lihamishiwe chumba cha chini kuanzia muhula ujao, kwa kuwa wanafunzi wawili wanaotumia viti vya magurudumu hubebwa mgongoni na wenzao kupanda ngazi kila asubuhi. Darasa la pili, lililo chini sasa, linaweza kuhamia juu." Hilo lina nani, nini, lini, sababu na njia, na halihitaji fedha. Andika la namna ya pili daima.

Penye fedha, angalia kalenda ya bajeti. Watetezi wengi hufika na mabango baada ya bajeti kupitishwa. Uliza lini mapendekezo hukusanywa, ufike miezi miwili kabla. Kipimo cha kimataifa unachoweza kukitaja ni kile cha Azimio la Incheon la 2015, linalozihimiza nchi kutenga kwa elimu angalau asilimia 4 hadi 6 ya pato la taifa, au angalau asilimia 15 hadi 20 ya matumizi ya serikali.

Na fuatilia fedha zikishatoka. Nchini Uganda, uchunguzi wa miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kuwa shule za msingi zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa matumizi yasiyo ya mishahara. Baadaye serikali ilianza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa na shule zikatakiwa kukibandika ukutani. Sehemu iliyofika iliongezeka sana. Wachumi bado wanabishana magazeti yalichangia kiasi gani na mageuzi mengine kiasi gani, lakini karatasi iliyobandikwa mahali mzazi anapoweza kuisoma ni jambo ambalo hata wewe unaweza kuliomba kesho.

Hatua ya saba: jilinde

Narudi kwa Septima Clark. Mwaka 1956 jimbo lake lilipitisha sheria ya kuwazuia watumishi wa umma kuwa wanachama wa NAACP, chama kilichokuwa kikidai haki za watu weusi. Alikataa kujitoa. Akafukuzwa kazi akiwa amefundisha kwa karibu miaka arobaini, akapoteza na pensheni. Alipata kazi nyingine iliyozaa yale madarasa niliyoyataja, na pensheni yake ilirudishwa 1976, miaka ishirini baadaye.

Sikuambii haya ili uogope. Nataka ujue gharama kabla haijafika. Soma mkataba wako wa ajira na kanuni za maadili ya utumishi, hasa panapohusu kusema na vyombo vya habari na kushiriki siasa. Jiunge na chama cha walimu mapema, ukiwa huna tatizo. Weka akiba, hata ndogo, kwa maana mtu asiye na akiba hunyamazishwa kwa urahisi. Usiende peke yako kwenye kikao kigumu, na mara utokapo andika yaliyosemwa na nani.

Ulinzi mwingine ni wa mwili na akili. Kuna usiku nilikuwa nikijibu simu za wazazi hadi saa sita, na asubuhi nikawa mkali kwa watoto wale wale niliokuwa nikiwatetea. Nikapanga saa za kupokea simu, nikawaambia wazazi, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Hatua ya nane: panda ngazi ukiwa na mzigo wako

Darasa ni mwanzo mzuri kuliko yote, na wengine hubaki humo maisha yao yote wakiwa na mchango mkubwa. Lakini zipo njia nyingine: kufundisha walimu, kuandika mitaala na vitabu, ushauri nasaha, elimu maalumu, ukaguzi wa shule, utafiti, uongozi wa shule, mashirika ya kiraia. Ushauri wangu ni kwamba usiliache darasa kabla hujakaa humo angalau miaka mitatu. Mtunga sera asiyewahi kunyamazisha watoto arobaini huandika mambo yasiyotekelezeka.

Tunza faili moja lenye vitu vitano au sita: zile karatasi za kusoma za kabla na baada, barua iliyozaa mabadiliko, ratiba ya somo ulilolibadilisha kwa ajili ya mtoto fulani bila kumtaja, na kadhalika. Kwenye usaili, sema ulichofanya na kilichobadilika. Nafasi zikitangazwa, uliza pia taasisi ile ina watu wangapi wa jamii inayodai kuihudumia, na wako vyeo gani. Jibu litakueleza mengi kabla hujasaini. Na usione haya kujadili mshahara. Kazi hii ikiachiwa wanaoweza kuifanya bure, itabaki mikononi mwa wenye uwezo, na wale waliotoka katika jamii zenyewe watakosa nafasi.

Hatua ya tisa: toka mbele

Inafika siku wazazi wanaijua hoja kuliko wewe. Waandae: wasomee barua kwa sauti, igizeni kikao, mmoja awe ofisa mwenye maswali makali. Kubalianeni nani atasema nini, na nani atajibu ikiwa watapuuzwa.

Mama wa yule mvulana wa Jumanne aliingia kwenye kamati ya shule mwaka uliofuata. Katika kikao chake cha kwanza aliomba kwamba mwalimu yeyote asiandike neno "mtoro" daftarini kabla ya kufika nyumbani kwa mtoto au kuzungumza na mlezi wake. Mwenyekiti aliniangalia mimi, akitaka nieleze. Nikamwambia, "Mama ndiye aliyeomba, mwenyekiti, muulize yeye." Nikaendelea kuandika kumbukumbu za kikao.